Ndama na Mama Zao

Murara, Goma
Tarehe 10 Machi 2024

Ndugu yangu Théogène,

Barua hii ikukute ukiwa mzima, wewe na watu waliokupokea huko milimani juu ya Minova. Sisi tupo. Kifua cha Védaste kimepona na amerudi kwenye karakana yake ya mbao, ingawa siku hizi hakuna anayeagiza kitanda. Wote wanataka fito na mbao nyembamba za kujengea vibanda kwenye kambi ya Mugunga. Mvua inanyesha kila alasiri. Jirani yetu amepokea familia zilizokimbia Sake, kwa hiyo foleni ya maji imekuwa ndefu na ugomvi wake mrefu zaidi.

Mama Nyiransabimana alishuka bandari ya Kituku salama na Umugwaneza. Mtoto wako anakula vizuri, analala vizuri. Ni mtulivu, hasumbui mtu. Nimemwingiza kwenye darasa langu la maternelle, la watoto wadogo, ili tusiachane mchana. Kwa kuwa simu yako ilipotea mlipokimbia, na huko uliko hakuna rezo hata ungekuwa nayo, Nyiransabimana amekubali kutubebea barua kila anapopanda kufuata jibini zake. Tutaandikiana kama walivyofanya wazazi wetu.

Sasa nina shida ya kazi. Muhula huu tunafundisha wanyama wa nyumbani na watoto wao. Nilidhani ni somo jepesi. Nikainua picha ya ng'ombe, nikauliza, "Mtoto wa huyu anaitwaje?" Benny, ambaye baba yake anachoma mishikaki pembeni ya barabara, akaruka juu: "Brochette!" Nshobole naye akasema maziwa yanatoka kwenye sashe ya plastiki, na sashe inatoka dukani. Hawa ni watoto wa Goma, Théo. Ng'ombe wanamwona akipitishwa kwenda machinjioni, tena bila mtoto nyuma yake. Wanaojua ni wale wanaotoka kambini. Mmoja wao alisema, "Sisi tulikuwaka na mbuzi," kisha akaangalia chini.

Wewe umeishi na wanyama tangu ulipoweza kutembea. Mimi nilipelekwa kwa masista nikaishia kwenye vitabu. Niandikie. Ndama akizaliwa anafanya nini kwanza? Mama yake anamjuaje kati ya wengi? Na kuku je? Na bata? Na nguruwe?

Ng'ombe wako wana hali gani? Bihogo amezaa? Na kuhusu Daniella, hujaniambia zaidi ya kwamba alikufa siku mliyokimbia. Sikulazimishi. Ila nilikuwa wifi yake, na nimemlilia bila kujua yaliyompata.

Dada yako,
Pascasie


Juu ya Minova
Tarehe 4 Aprili 2024

Yaya Pascasie, mukubwa wangu,

Nyiransabimana aliifunga barua yako pamoja na vitambaa vya jibini, bado inanukia maziwa. Nakusalimu sana. Musalimu shemeji Védaste, umuambie asipige randa bila kufunga kitambaa puani. Huku baridi ni kali kupita ya kwetu Masisi. Muzee Paulin, mutu anayenipa kazi, ana kondoo wengi na maneno machache. Sahani yangu haikosi kitu.

Unauliza ndama akizaliwa anafanya nini. Kwanza analala tu, ameloa, masikio yameanguka. Mama anageuka anaanza kumulamba, kwa nguvu mupaka mutoto anayumba. Mutu wa mujini angesema anamuumiza. Kumbe anamuamsha damu. Kisha ndama anajaribu kusimama. Anainua matako kwanza, magoti ya mbele yanabaki chini kama mutu anayesali. Anaanguka. Anaanza tena. Akisimama anatafuta chuchu, na anaitafuta mahali pabaya: kwenye kifua cha mama, kwenye muguu, hata kwenye ukuta. Waambie watoto hiyo ya ukuta, watacheka. Maziwa ya kwanza ni mazito na ya manjano. Hayo si ya mutu, ni ya ndama peke yake.

Anamujuaje? Kwa harufu na kwa sauti. Akishamulamba, harufu imeingia, imekwisha. Jioni kondoo wakirudi, kila mwanakondoo analia na kila mama anaitika, kelele kama soko, lakini hakuna anayekosea.

Kuku akiona kivuli cha mwewe anatoa sauti moja nzito, na vifaranga wote wanaingia chini ya mabawa. Bata sijui kitu. Nguruwe, uliza mutu mwingine. Unajua baba hakuwahi kumuruhusu hata kupita mbele ya nyumba.

Umugwaneza anasema nini? Ananiulizia? Anacheza na nani? Umuambie kwamba... hapana, usimuambie kitu. Umusalimu tu.

Mudogo wako,
Théogène


Murara, Goma
Tarehe 28 Aprili 2024

Mpendwa Théogène,

Salamu kutoka kwa wote. Hatujambo, ingawa milio ya silaha ya upande wa Sake inafika mpaka kwenye madirisha ya shule, na tumewafundisha watoto kuimba kwa sauti kubwa inapoanza. Védaste amekohoa kidogo. Kitambaa anakivaa shingoni badala ya puani.

Barua yako imeniokoa. Nilipofika kwenye ndama anayetafuta chuchu ukutani, darasa lilicheka mpaka mkurugenzi wa shule akachungulia. Benny akataka kuwa ndama. Akainua matako juu, akaanguka, akainuka, akaenda kunyonya ubao. Sasa kila mapumziko uani pamejaa ndama wanaoanguka. Védaste naye ametuchongea wanyama kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Mbuzi wake ni mbuzi kweli. Ng'ombe, Mungu amsamehe, watoto wote walisema ni mbwa, akakasirika siku nzima na Jumamosi akatuletea mwingine mwenye pembe ndefu kama za kwetu.

Tumejifunza majina: ndama, mwanambuzi, mwanakondoo, kifaranga. Nshobole anakataa. Anasema kila mmoja anaitwa "mutoto," kwa nini tumpe jina lingine? Nimemwachia aseme hivyo.

Umugwaneza bado anazoea. Anapenda yule ng'ombe wa pembe ndefu, anakaa naye mapajani. Usihangaike.

Lakini wewe Théo, nilikuuliza kuhusu Bihogo ukanijibu kuhusu bata. Unachunga kondoo wa mtu mwingine. Nani anachunga ng'ombe wako? Na Daniella?

Pascasie


Juu ya Minova
Tarehe 2 Juni 2024

Yaya,

Unisamehe kukawia. Nyiransabimana alikuwa na malaria, halafu mitumbwi ikasimama kwa sababu ya fujo pale bandarini. Mimi ni muzima. Muzee Paulin anakusalimu, ingawa hakujui.

Nakupa habari ya kondoo kwa ajili ya darasa lako. Kondoo mumoja alizaa mutoto aliyekufa. Siku hiyo hiyo mwingine akafa akizaa, mutoto akabaki. Tulimupeleka yule yatima kwa mama aliyefiwa, akamupiga kichwa mupaka akaanguka. Paulin akachuna ngozi ya yule aliyekufa, akamuvalisha yatima kama koti, miguu ikipita kwenye matundu. Mama akamunusa, akanusa tena, akasimama. Yatima akanyonya. Baada ya siku chache tukaitoa ngozi kidogo kidogo, na yeye hakumukataa tena. Usiwaambie watoto ile sehemu ya ngozi, kama unaona ni mbaya. Waambie tu kwamba alimukubali.

Kuhusu Bihogo tuache kwanza.

Niandikie neno moja ambalo Umugwaneza amesema. Lolote. Hata kama amekataa chakula, hata kama ametukana mutu. Niandikie neno lenyewe.

Théogène


Murara, Goma
Tarehe 16 Juni 2024

Ndugu yangu,

Tunakusalimu. Mvua zimekatika, vumbi jeusi limeanza. Sina habari nyingine za nyumbani leo, kwa sababu nimekaa na barua yako tangu Jumanne na nimeshindwa kukujibu.

Sina neno la kukuandikia. Umugwaneza hajasema hata moja tangu aliposhuka kwenye mtumbwi.

Mwanzoni nilisema ni safari. Kisha nikasema ni ugeni. Nilimpeleka kwa daktari. Akaangalia masikio na koo, akasema ni mzima kabisa. Kila nikikuandikia nilikuwa naogopa utafikiri tumemfanyia kitu hapa, au kwamba umempoteza na yeye pia. Kwa hiyo nikaandika "mtulivu," nikaandika "bado anazoea."

Ijumaa likatokea jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Nilikuwa nimeandaa mchezo wa kufunga mwaka. Nusu ya darasa ni mama, nusu ni watoto. Wanafumba macho, kila mtoto analia kwa sauti ya mnyama wake, kila mama anaitika mpaka wakutane, kama ulivyoniandikia kuhusu kondoo wa jioni. Kelele ilikuwa kubwa, na wote walikuwa na furaha. Umugwaneza nilimpa kuwa ndama, nikafikiri labda sauti ya ng'ombe itatoka mahali ambapo maneno hayatoki.

Akafumbua macho. Akaenda kwa Benny, aliyekuwa analia "muu, muu" kwa nguvu zake zote, akamziba mdomo kwa kiganja. Akamwachia, akakimbilia kwa Nshobole, akamziba naye. Kisha kwa mwingine. Machozi yalikuwa yanamtoka, Théo, na anaenda kwa kila mtoto anayelia, mmoja baada ya mwingine, anamziba. Watoto wakaanza kuogopa. Nikamkumbatia. Akaninyooshea mkono, akaniziba na mimi.

Benny akauliza, "Madamu, tumekosa nini?"

Nikamwambia hawajakosa kitu. Lakini kosa lipo mahali fulani, na wewe ndiye unayelijua. Ulipotaka neno moja tu, nilielewa kwamba ulijua hasemi. Ulijua kabla ya kunitumia. Sikukasirikii. Ila niambie sasa, nami nimekwisha kukwambia la kwangu.

Pascasie


Juu ya Minova
Tarehe 7 Julai 2024

Yaya Pascasie,

Nakusalimu, na leo sina habari nyingine kabla ya hii.

Ni kweli, nilijua. Majuma yote tuliyokaa Minova hakusema kitu. Niliogopa nikikuambia utasema huwezi mutoto wa namna hiyo, una wengine wa kutosha shuleni. Nilifikiri akiwa na watoto wenzake atasahau. Sikujua kwamba nimemutuma kwenye darasa la ndama.

Ile asubuhi bunduki zilianzia kwenye mulima wa pili. Tulitoka nyumbani na nguo tulizovaa, tukaingia kwenye mahindi ya jirani. Ng'ombe walikuwa wamelala inje, lakini ndama walikuwa kwenye zizi yao ndogo nyuma ya jikoni, kama kila siku, ili wasimalize maziwa. Bihogo alikuwa amezaa majuma mawili mbele. Ndama walisikia milio wakaanza kulia, mama zao wakawa wanawaitika. Daniella alisimama. Aliniambia, "Wakichoma nyumba, wataungua humo ndani."

Nilimuambia, "Waache."

Akasema, "Naenda kufungua tu, narudi." Akanipa mutoto.

Umugwaneza alimuona anaondoka. Akaanza kuita, "Mama! Mama!" Wakati huo watu wenye bunduki walikuwa wanapita kwenye njia, karibu sana, nilikuwa naona viatu vyao kati ya mahindi. Nilimuziba mudomo kwa mukono wangu. Nilimubana, Yaya. Nilimuambia kwenye sikio, "Usiseme kitu. Usiseme kitu mupaka nikuambie."

Walipita. Tulisikia risasi upande wa nyumbani. Daniella hakurudi. Nilimubeba mutoto tukashuka, na watu waliotukuta njiani kesho yake walituambia amekufa na ng'ombe wote wamechukuliwa. Sikurudi kuangalia. Sikuuliza alifia wapi, kama alifika kwenye zizi ao hakufika. Mupaka leo sijauliza.

Nimesoma barua yako mbele ya moto wa Paulin, nikafika pale alipoenda kwa kila mutoto na mukono wake. Ndipo nilikumbuka maneno yangu. Mupaka nikuambie. Yaya, sikumuambia. Tulishuka, tulikaa Minova, nilimupandisha kwenye mutumbwi, na sikumuambia kwamba imekwisha. Ameshika neno langu miezi hii yote.

Usimusomee hii. Nitakuja mwenyewe. Kijana wa Paulin anarudi Agosti, atashika kondoo, nami nitashuka.

Théogène


Murara, Goma
Tarehe 25 Agosti 2024

Théogène ndugu yangu,

Natumaini ulifika salama na ziwa halikuwa na mawimbi. Védaste anakusalimu, anasema ile benchi uliyomsaidia kupiga msumari imenunuliwa siku hiyo hiyo, na kwamba urudi haraka.

Naandika mbio kwa sababu Nyiransabimana anapanda kesho asubuhi, na kuna jambo ulilokosa kuliona.

Najua uliondoka umevunjika. Ulikaa naye kwenye karakana, ukapiga magoti kwenye takataka za randa ili macho yenu yalingane. Nilikuwa mlangoni, nikasikia ukimwambia, "Umugwaneza, wale watu walienda. Hatujifichi tena. Papa alikuambia usiseme mupaka akuambie, sasa nakuambia. Sema, mama. Hata ukitaka kulalamika, lalamika." Akakuangalia. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Ukangoja. Siku mbili ukangoja, ukimchongea mwanakondoo wa mbao, ukimpeleka kununua mandazi, na yeye akikushika kidole kila mahali bila kutoa sauti. Asubuhi ya Jumapili iliyopita pale Kituku ulimbusu ukaingia kwenye mtumbwi bila kugeuka nyuma, nami nikajua kwa nini hugeuki.

Tukabaki tumesimama mpaka mtumbwi ukawa mdogo. Wanawake walikuwa wanagombania samaki, mtu mmoja anaita abiria wa Minova, kelele ile ya kila siku. Nikamshika mkono turudi. Tukapanda hatua chache. Akasema:

"Tantine, nasikia njaa."

Sauti ilikuwa nzito, Théo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukimbilia majini nikuite. Lakini nikaogopa kwamba nikifanya jambo kubwa ataficha tena, kwa hiyo nikamuuliza kama tunavyouliza kila siku, "Unataka sambaza ao mukate?"

"Sambaza."

Nikanunua hao samaki wadogo wa kukaanga, tukakaa juu ya jiwe, akala wote mpaka vichwa, na mimi nilikuwa nimegeukia upande wa pili ili asione uso wangu. Jioni alimwomba Védaste maji. Védaste akamletea, kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Tangu hapo anasema kidogo kidogo, asubuhi zaidi kuliko jioni. Shule haijafunguliwa, lakini Benny alipita hapa na yeye akamwambia, "Ile siku sikukasirika." Benny akajibu, "Hata mimi." Wakaenda kucheza.

Nikuambie na la kwangu. Ulipoandika kwamba unakuja, nilikuwa na hofu kwamba utamchukua. Nilikunja nguo zake usiku kabla hujafika, nikazikunjua, nikazikunja tena. Sijazaa, unajua, na hatulizungumzi jambo hilo katika familia. Ni mtoto wako na wa Daniella. Neno lako nitalifuata.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne tulikuwa tunamenya viazi. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Tantine, ndama walitoka?"

"Ndama gani?"

"Wa kwetu. Mama alienda kuwafungulia. Walitoka?"

Nikamwambia sijui, nitamuuliza papa. Akasema, "Umuulize vizuri." Ananiuliza kila siku kama jibu limefika. Tafadhali usimwandikie jambo la kumfurahisha tu. Mtoto aliyeshika neno lako namna ile atashika na hili.

Pascasie


Juu ya Minova
Tarehe 6 Oktoba 2024

Yaya Pascasie,

Nakusalimu, wewe na shemeji, na huyo anayekula sambaza mupaka vichwa. Nimesoma pale mara nyingi. Nilimusomea na Muzee Paulin. Kesho yake alichinja jogoo.

Nimekawia kwa sababu nilienda kutafuta jibu. Nyiransabimana aliniambia kwamba mama Mukashyaka, jirani yetu wa mahindi, ametoka kule na anakaa kwa binti yake karibu na soko ya Minova. Ni yeye na wengine waliobaki ndio walimuzika Daniella. Nilijua tangu Julai kwamba yuko pale. Nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisikutane naye. Barua yako ilipofika nilishuka.

Alikuwa anapepeta maharagwe. Alinitambua, akaweka ungo chini, tukashikana mikono. Kisha nilimuuliza kama vile Umugwaneza anauliza: "Ndama walitoka?"

Alishangaa. Alisema, "Umetembea mupaka huku kuuliza ndama?"

Nikamuambia, "Ndiyo, mama. Mutoto anataka kujua."

Alifikiri. Aliniambia kwamba walipotoka mahali walipojificha, saa za muchana, walimukuta Daniella kwenye njia ya mahindi, si kwenye zizi. Uso wake ulikuwa upande wetu. Maana yake alikuwa amekwisha kufungua na alikuwa anarudi. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema mulango wa zizi ulikuwa wazi, ile miti ya kufungia imewekwa pembeni moja juu ya nyingine, kama mutu anavyoweka akiwa na akili yake. Na ndama walikuwa inje kwenye majani ya chini, kila mumoja kwa mama yake, wananyonya. Ule wa Bihogo pia. Walikaa hapo mupaka jioni, ndipo wale watu wenye bunduki wakarudi wakachukua wote, mama na watoto pamoja.

Nililia pale sokoni mbele ya watu. Mama Mukashyaka alinipa maji, kisha akanipa ungo nimusaidie, na nilipepeta maharagwe yake mupaka yakaisha.

Kuhusu nguo ulizokunja, zikunjue. Umugwaneza akae kwako, asome. Mimi nitakuwa nashuka kila Paulin akipata mutu wa kunishikia kondoo, na siku nikiwa na nyumba tutakaa chini sisi watatu, tumuulize yeye mwenyewe. Tangu sasa anaweza kujibu.

Hii inayofuata umusomee polepole, muchana, akiwa ameshiba:

Umugwaneza mutoto wangu, nimeuliza vizuri kama ulivyosema. Nimeuliza mutu aliyeona kwa macho yake. Mama alifika. Mama alifungua. Ndama wote walitoka, walipata mama zao, walinyonya. Baadaye watu waliwachukua, na sijui leo wako wapi, hilo sitakudanganya. Mama alikuwa amemaliza kazi yake, na alikuwa anarudi kwetu, anatembea upande wetu. Ulimuita, na alikuwa anakuja.

Papa wako,
Théogène